Je, Wajua? Kuna kihisi kinachosikiliza hewa

Mwaka 1880 Alexander Graham Bell aligundua kwamba kitu kikimulikwa kwa mwanga unaokatizwa-katizwa hutoa sauti. Ugunduzi huo leo umo ndani ya SCD41, kihisi kidogo cha kampuni ya Sensirion ya Uswisi: mwanga wa infraredi huipasha moto hewa ya ukaa, hewa hutanuka, na maikrofoni husikia mtikisiko wake. Sauti ikizidi, fungua dirisha.

Kinachomsumbua mbunifu wa bodi isiyo na waya ya kupima hewa ya chumba, yenye SCD41, kihisi cha vumbi na kipimajoto, ni betri. Kihisi cha SCD41 kikipima kila baada ya dakika 5 hutumia wastani wa miliampea 0.45 hivi; kwa hesabu ya karatasini, betri mbili za AA zingekilisha miezi 7. Redio, inayolaumiwa bure, huamka kitambo kidogo, ikatuma namba, ikalala. Mlafi hasa ni kihisi cha vumbi: feni na leza yake visipozimwa hula miliampea 50 na zaidi, na betri zilezile huisha kwa takriban siku mbili. Mbali na betri, kipimajoto nacho hutengwa pembeni, bodi ikakatwa mwanya kukizunguka, kisije kikapima joto la saketi badala ya la chumba.