Baiskeli ya resi ya bei chee: Usajili wa maana au kupigwa?

KILA dirisha la usajili huwa na mchezaji mmoja wa aina hii. Umri umekwenda, jina lake liliwahi kuimbwa majukwaani, bei yake ni ya kutupa, na meneja wake anaapa kwamba goti limepona kabisa. Klabu inamsaini kiroho safi. Mechi ya tatu anatoka kwa machela.

Kwenye baiskeli za mtumba mambo ni hayohayo. Mzigo ukishushwa, katikati ya baiskeli zenye vikapu na zile za watoto, huchomoza moja yenye usukani uliojikunja kama pembe za kondoo, matairi membamba na fremu nyembamba ya chuma. Cheni imeshikwa na kutu, matairi yamelala, kiti kimechanika. Muuzaji anaiita ya resi, na anaitoa kwa bei chee kwa sababu imekaa pale muda mrefu bila mtu kuigusa.

Wanaoitamani wapo. Septemba 2025, Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua 3 za Tour de France na kuondoka na jezi ya kijani. Kijana aliyeyaona hayo kwenye simu akiwa Shinyanga au Mbagala hana mamilioni ya kununua baiskeli mpya ya mashindano. Anachoweza kukifikia ni hicho chuma chenye kutu. Akiimwaga hapo akiba yake ya miezi kadhaa, ataondoka na baiskeli au na deni la fundi?

CHUMA SI UGONJWA

Kuna watu wakisikia fremu ni ya chuma wanageuza shingo. Hao wamwachie mwenzao. Eddy Merckx wa Ubelgiji alibeba Tour de France mara 5 kati ya 1969 na 1974, zote juu ya chuma. Mwaka 1972, kule Mexico City, alizunguka kilomita 49.431 ndani ya saa moja, na hiyo nayo ilikuwa baiskeli ya chuma.

Kweli, uzito upo. Baiskeli ya zamani ya chuma mara nyingi hupita kilo 10, wakati baiskeli za mashindano makubwa leo zinakaribia kilo 6.8, ambacho ndicho kiwango cha chini kinachoruhusiwa na chama cha dunia, UCI. Mlimani tofauti hiyo inauma. Kwenye tambarare za Kanda ya Ziwa, kwa mtu anayeanza, mapafu yake yatamwangusha mapema kuliko fremu.

Tena chuma kina ubinadamu. Kikipinda kidogo, fundi anayejua kazi anaweza kukinyoosha. Fremu ya alumini haitaki mchezo huo, na ile ya kaboni iliyoanguka kwenye kontena huweza kuficha ufa ambao macho hayauoni. Kwa mtumba wa bei ya chini, kaboni ni kamari, na mwenye fedha ya mawazo hapaswi kuicheza.

VIPIMO VYA AFYA KABLA YA KUSAINI

Klabu makini haisaini bila daktari kumpima mchezaji. Hapa daktari ni macho, vidole, sumaku ndogo na rula ya shule ya inchi 12. Vyote vinaenea mfukoni.

Pa kuanzia ni mbele. Mnunuzi anapitisha kidole chini ya mabomba mawili ya fremu, pale yanapoungana na shingo ya usukani. Akikuta mkunjo au rangi iliyopasuka kwa mawimbi, baiskeli hiyo iligonga kitu uso kwa uso. Halafu asimame pembeni aitazame foku: inatakiwa ishuke kwa mstari wa shingo, kisha ijikunje kwenda mbele. Ikiwa imerudi nyuma kuelekea pedali, habari ni ileile. Hapo aondoke, hata akipunguziwa nusu ya bei.

Rangi mpya nayo iogopwe. Fremu ya miaka ya 1980 inayong'aa kama imetoka dukani jana ni sawa na mchezaji wa timu ya vijana mwenye ndevu na watoto wanne. Huenda amebarikiwa tu, ila cheti kiangaliwe upya. Chini ya rangi ya kupuliza huweza kujificha sehemu iliyochomelewa, na mabomba ya baiskeli za resi ni membamba mno. Fundi wa mageti na madirisha, pamoja na ufundi wake wote, akiyapiga moto wa mashine yake anaweza kuyatoboa au kuyadhoofisha. Yanakatika siku mwenyewe yuko kasi.

Kinachofuata ni nguzo ya kiti. Bolti yake ilegezwe, kiti kizungushwe. Nguzo ya alumini ikikaa miaka ndani ya fremu ya chuma bila grisi, vyuma hivyo viwili hushikana hadi vinakuwa kitu kimoja. Kuitoa kunaweza kumgharimu fundi siku nzima, na mara nyingine inabidi ikatwe kwa msumeno. Muuzaji asiyetaka kiti kiguswe amekwishajibu swali.

Na saizi. Mnunuzi apanuke juu ya bomba la juu, miguu yote chini, pabaki nafasi ya vidole viwili hivi. Fremu kubwa haipungui, ndogo haikui. Baiskeli nzuri isiyomwenea mtu ni ya mtu mwingine, hata ikitolewa bure.

UGONJWA WA MATAIRI

Hapa ndipo wengi wanapolia, kwa sababu hapaonekani kwa macho.

Baiskeli ya mzigo iliyozoeleka mitaani, aina ya Phoenix, hutumia tairi linaloitwa 28, na rimu yake ina kipimo cha milimita 635. Baiskeli nyingi za resi za zamani zilikuja na tairi la inchi 27, rimu ya milimita 630. Za kisasa, na baadhi ya za zamani pia, hutumia 700C, ambayo ni milimita 622. Zikiegemezwa ukutani zote tatu zinafanana, lakini tairi la moja halikai kwenye rimu ya nyingine. Likilazimishwa, ama haliingii, ama linaingia kirahisi mno na kuchomoka likijazwa upepo.

Kinachovuruga zaidi ni kwamba matairi ya 622 huweza kuandikwa 28 pia. Mtu anafika dukani, anaomba 28, anapewa 28, anafika nyumbani na kitu kisichoingia. Namba ya kuiamini ni ile ya tarakimu tatu iliyo ubavuni mwa tairi: 622, 630 au 635. Kabla ya kutoa hata shilingi, mnunuzi aisome, kisha aulize dukani kama tairi lenye namba hiyo lipo leo. Kuambiwa litakuja hakutoshi.

Ikiwa ni 630 na tairi halipatikani, kuna mlango wa nyuma. Magurudumu ya 622 yanaweza kufungwa kwenye fremu hiyohiyo, mradi mpira wa breki unaweza kushuka milimita 4. Breki nyingi za zamani zina mkono mrefu na zinakubali. Lakini magurudumu ni fedha, na yanaweza kupita bei ya baiskeli yenyewe. Upana wa nyuma nao upimwe: fremu za gia 6 au 7 zilitengenezwa kwa habu ya milimita 126, wakati nyingi za baadaye ni 130. Fremu ya chuma hupanuliwa kidogo bila shida.

Sumaku ni ya rimu. Ikinasa, rimu ni ya chuma. Rimu ya chuma ikilowa mvua, breki zinakuwa kama ushauri tu. Kwenye barabara tambarare ya mtaani mtu anaweza kuishi nayo, ila kwa mashindano ya barabara yenye miteremko hiyo si ya kubishana. Anayeona neno breki ni jepesi aulize madereva wa Kitonga.

CHENI NA HESABU

Cheni haina siri. Rula inawekwa kuanzia katikati ya pini moja. Kwenye cheni nzima, inchi 12 zinaangukia katikati ya pini nyingine. Pini ikipita kwa sehemu moja ya 16 ya inchi, cheni inatakiwa kubadilishwa. Ikipita kwa sehemu moja ya 8, meno ya sproketi za nyuma nayo yamekwisha, na cheni mpya juu yake itaruka kila mguu unapokandamiza. Levya za gia zile za kwenye bomba la chini zinachekwa kwa sababu zinamlazimu mtu kuachia usukani. Lakini zisizo na mlio wa hatua kwa hatua zinakubali karibu gia yoyote itakayookotwa, na kwa soko la spea za kuokoteza hiyo ni baraka.

Sasa fedha. Namba hizi ni za mfano, kwani bei inabadilika mtaa kwa mtaa. Tuseme baiskeli ni Sh150,000. Matairi na tyubu Sh70,000, cheni na sproketi Sh60,000, waya na mipira ya breki Sh25,000, gololi, grisi na mkono wa fundi Sh35,000. Jumla Sh340,000. Kama jirani wa muuzaji huyohuyo ana nyingine inayotembea kwa Sh350,000, ile ya bei chee haikuwa ya bei chee.

Tofauti ni kwamba ya kwanza inalipwa kidogo kidogo, matairi mwezi huu, cheni mwezi ujao, na mwenyewe anajua kila kilichomo ndani. Hiyo ina thamani kwa kijana asiye na kitita cha mara moja. Haina maana yoyote ikiwa fremu imepinda au saizi siyo, kwa sababu hapo hata Sh20,000 ni hasara. Na kama baiskeli yenyewe imelala stoo ya mjomba bila kudaiwa bei, hesabu inageuka kabisa: fremu ikiwa imenyooka na kumwenea, ifufuliwe.

Wapo mafundi wanaotumia njia nyingine. Wanachukua mizoga miwili, mmoja wenye fremu iliyonyooka, mwingine uliogongwa lakini wenye magurudumu ya alumini ya 622, na kutoa baiskeli moja. Kinachobaki kinauzwa spea. Ni njia nzuri kuliko zote mnunuzi akiwa na fundi mwaminifu, na mbaya kuliko zote asipokuwa naye, maana vipuri vyema vinajua kuhama usiku.

Baiskeli ikishafungwa, safari ya kwanza iwe fupi, barabara tulivu, breki zikijaribiwa mara nyingi na kwa nguvu. Waya mpya hulegea na njiti za magurudumu hujipanga upya. Baada ya kilomita 50 hivi irudi kwa fundi, bolti zote zikazwe na rimu zinyooshwe, ndipo mwenyewe atafute kundi la kukimbia nalo.