Magofu, Ngome au Boma? Safari ya Kutoka Tiira hadi Thimlich Ohinga

Mwanafunzi akisikia neno 'magofu', mara nyingi hufikiria mji wa Warumi kama Leptis Magna kule Libya, wenye nguzo ndefu na barabara za mawe. Sisi tulio Tiira, wilayani Busia, Uganda, tunaweza kuyaona majengo ya kale bila kwenda mbali hivyo. Tukivuka mpaka pale Busia na kupitia Kisumu na Homa Bay, tunafika Thimlich Ohinga katika Kaunti ya Migori, Kenya. UNESCO iliingiza mahali hapo katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018.

Msafiri anaona nini? Anaona kuta za mawe zinazokadiriwa kujengwa katika karne ya 16. Kimo chake ni kati ya mita 1.5 na 4.5. Warumi waliunganisha mawe kwa chokaa. Hapa hakuna chokaa wala udongo. Mawe makubwa yamepangwa upande wa nje na wa ndani, na madogo yakajazwa katikati. Sisi wa Tiira tumezoea kuona mawe yakivunjwa ili kutafuta dhahabu. Kule hayakuchongwa hata kidogo, yalichaguliwa tu yakaoana. Milango ni mifupi, hivyo anayeingia huinama.

Je, tupaite mahali hapo kwa neno gani? 'Gofu' ni jengo lililobomoka, lakini kuta hizi nyingi bado zimesimama. 'Ngome' hutukumbusha askari na mizinga, kama Ngome ya Yesu ya Mombasa. Ndani ya kuta hizi ziliishi familia pamoja na mifugo yao. Kwa hiyo tunaona 'boma' ndilo neno linalofaa zaidi. Jina lenyewe ni la Kijaluo: 'thim' ni msitu, 'lich' ni -a kutisha, na 'ohinga' ni boma kubwa. Wenzetu wa Tororo wanaozungumza Kidhopadhola, lugha iliyo ndugu ya Kijaluo, wataifuata maana hiyo kwa urahisi.

Uteuzi wa neno si jambo dogo. Tukiwafundisha watoto kwamba hilo ni gofu tu, watadhani ni kitu kilichokufa, na jiwe moja likichukuliwa si hasara. Kumbe ukuta usio na chokaa hushikiliwa na mawe yenyewe. Ukiondoa moja, mengine hulegea. Kwa hiyo tusipande kuta wala tusichukue jiwe la ukumbusho.

Zoezi kwa walimu: waulize wanafunzi wataje majina ya uzio na makazi katika lugha zao za nyumbani, kisha wayalinganishe na 'boma'.