Jasho la Mvuna Zabibu

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii ya wahenga wetu yafaa kumwambia mnunuzi wa Ulaya aionaye nembo ya biashara ya haki kwenye chupa ya mvinyo wa Afrika Kusini, akalipa, akaenda zake moyo mweupe.

Mvinyo wa kwanza wa Rasi ya Tumaini Jema ulikamuliwa mwaka 1659, na mashamba yale yalilimwa kwa mikono ya watumwa. Baadhi yao walitolewa Msumbiji na Bukini, yaani Madagaska, majirani zetu wa bahari hii hii. Utumwa ulipofutwa mwaka 1834 ilibaki kamba nyingine: sehemu ya ujira kibarua alilipwa kwa mvinyo, kikombe baada ya kikombe, tangu asubuhi hadi jioni. Wenyewe huko wakiuita mtindo huo "dop". Sheria iliukataza mwaka 1960, lakini uliendelea miaka mingi. Vilio vyake vingalipo: jimbo la Rasi Magharibi ni miongoni mwa mahali duniani ambapo watoto wengi huzaliwa na ulemavu utokanao na pombe aliyokunywa mama mjamzito.

Ndipo nembo ilipokuja. Mwaka 2003 mvinyo uitwao Thandi, jina litokanalo na neno la Kixhosa lenye maana ya upendo, ulipata hati ya Fairtrade. Masharti ya hati hiyo ni kuwa mnunuzi hulipa bei isiyoshuka chini ya kiwango, tena huongeza fedha za ziada. Fedha hizo vibarua wenyewe, kwa kamati waliyoichagua, huamua zifanye nini: chekechea, nyumba au ada za shule.

Je, yatosha? Mwaka 2011 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya mashamba ya matunda na mvinyo ya jimbo hilo: nyumba mbovu, dawa za wadudu bila ya nguo za kinga, kazi pasipo choo wala maji ya kunywa. Mwaka 2012 wavuna zabibu wa De Doorns waligoma. Ujira wao wa chini ulikuwa randi 69 kwa siku. Walidai 150, na Machi 2013 ukapandishwa hadi 105. Nyongeza hiyo ililetwa na mgomo, wala si nembo.

Basi nembo ina kheri yake, maana kamati ile humpa kibarua sauti. Lakini mgema akaguliwe kila msimu, na aulizwe kibarua, bwana shamba asiwepo kando. Nasi wa Pwani, hata tusioonja mvinyo, neno hili latuhusu: mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka, awe wa zabibu, wa majani chai au wa karafuu.