Utangulizi: Ada ya Bima kwa Ndege Ndogo na Ndege za Klabu

Mtu anayenunua Cessna 152 iliyotumika huwa amekwisha kuuliza hali ya injini, kodi ya banda na bei ya mafuta. Bima huifikiria mwishoni, fedha zikiwa zimepungua, na hapo hubaki na swali moja tu: nani anatoza kidogo? Kitabu hiki nimemwandikia yeye, pamoja na wanachama wa klabu wanaorusha ndege moja kwa zamu. Karibuni. Swali lenu ni la haki kabisa, kwani ada ikipanda mno, ndege hulala bandani na rubani husahau kazi yake. Ila kabla ya kuzunguka kutafuta bei, tujue bei yenyewe inatoka wapi.

Lloyd's ya London, iliyokuwa imeishi na bima za meli kwa zaidi ya karne mbili, iliandika hati yake ya kwanza ya bima ya ndege mwaka 1911. Desturi za baharini zilipanda angani pamoja nayo, na hata leo chombo chenyewe kina bima yake, na madhara kwa watu wengine yana yake.

Hiyo ya madhara kwa wengine ndiyo inayoshikiliwa na sheria. Barani Ulaya, kanuni namba 785 ya mwaka 2004 imeweka viwango kwa uzito wa juu wa kurukia. Cessna 152, ambayo haifiki kilo 1,000, inadaiwa kinga isiyopungua SDR milioni 1.5, yaani kwa kipimo cha fedha cha IMF. Cessna 172, iliyovuka uzito huo kidogo tu, inadaiwa milioni 3. Marekani haina sheria ya shirikisho inayomlazimisha mwenye ndege binafsi kukata bima, ingawa baadhi ya majimbo yana masharti yake.

Lakini ada hupimwa zaidi kwa rubani kuliko kwa ndege. Mkadiriaji huuliza: ana saa ngapi angani, na ngapi kati ya hizo ni katika aina hii ya ndege? Magurudumu yanakunjwa? Gurudumu la tatu liko nyuma? Atatua kwenye lami au kwenye nyasi? Kwa hiyo, saa chache za ziada na mkufunzi zinaweza kushusha ada kuliko siku nzima ya kubishana na dalali. Klabu ina ugumu wake, maana mwanafunzi na rubani mzoefu wamo katika hati moja. Aero Club of East Africa, iliyoanzishwa mwaka 1927 na yenye makao Wilson, Nairobi, ni mfano wa karibu wa jumuiya ya namna hiyo. Klabu inayopima marubani wake kabla ya kuwakabidhi ndege, na kuweka kumbukumbu, ina hoja ya kumpelekea mkadiriaji.

Nasisitiza jambo moja, kwa kuwa ndipo wengi huumia. Bima ya chombo huandikwa kwa thamani iliyokubaliwa, na kishawishi ni kuipunguza ili ada ishuke. Tuseme ndege ya dola 60,000 imekatiwa bima ya dola 30,000. Inaharibika wakati wa kutua, na matengenezo ni dola 28,000. Hati nyingi huiruhusu kampuni kuihesabu imepotea kabisa, ilipe 30,000, kisha ichukue mabaki na kuyauza. Mabaki hayo yana injini nzima na vifaa vya redio. Mwenye ndege anabaki na nusu ya mali yake na hana ndege. Afadhali aandike thamani ya kweli, akubali kubeba sehemu kubwa zaidi ya kila hasara, na ndege ikiwa matengenezoni kwa miezi kadhaa aombe bima ya ardhini peke yake.

Mwanachama wa klabu naye asome jina lililo kwenye hati. Kampuni ikishamlipa mwenye ndege, inaweza kushika nafasi yake na kumdai rubani aliyesababisha hasara, hata kama rubani huyo hulipa michango kila mwezi. Klabu inaweza kuomba wanachama watajwe kuwa wamekingwa, au kampuni iachilie haki hiyo ya kuwadai. Sura ya kwanza inaanzia hapo: nani hasa amekingwa, na ni maneno gani kwenye hati yanayomwonyesha.