Pumzi za Donna Summer na haya za babangu

Katika ujana wetu huko Mji wa Kale, Mombasa, kakangu alikuwa na sahani moja ya santuri aliyoificha chini ya godoro. Siku moja tuliipiga, mara babangu akatuingilia kutoka msikitini. Hakufoka. Alisikiza kidogo, akainua sindano, akauliza: “Wanangu, mwanamke huyu augua nini?”

Aliyekuwa “akiugua” ni Donna Summer, Mmarekani mweusi wa Boston, aliyezaliwa mwaka 1948 na kukua akiimba kanisani. Sahani yenyewe, Love to Love You Baby, ilitoka mwaka 1975. Upande wote wa kwanza ni wimbo mmoja wa karibu dakika 17. Maneno ni machache mno. Kilichobaki ni pumzi na miguno ya mapenzi, na ngoma ikidunda bila kituo. Ulitengenezwa mjini Munich na Mtaliano Giorgio Moroder. Neil Bogart, mwenye kampuni ya Casablanca, aliupiga karamuni kwake, wageni wakataka urudiwe tena na tena. Ndipo akaagiza urefushwe. Wapenda disko wakapata wimbo usiowakatiza. Mwaka 1976 ulishika nafasi ya pili Marekani, ingawa BBC ilikataa kuupiga.

Nililokuja kulijua baadaye ndilo lililonigusa. Bibi huyo mwenyewe aliona haya! Ilibidi taa za studio zipunguzwe na watu watolewe, ndipo akaweza.

Wapenzi wasomaji, sisi watu wa pwani tusijifanye hatuyajui mambo haya. Kinamama wachezapo chakacha arusini, viuno hivyo havihadithii habari za sungura na fisi. Lakini mlango hufungwa, na wanaume hubaki nje. Kwa hivyo mimi simlaumu Donna kwa kuwa na matamanio. Nalaumu biashara: aliimba gizani, wao wakamwuza sokoni mchana kweupe.

Naye alijutia. Baada ya kurudia dini yake mwaka 1979, aliacha kuuimba wimbo huo jukwaani kwa miaka mingi. Alifariki mwaka 2012.

Babangu hakuivunja ile sahani. Aliitia katika jalada lake, akamrudishia kakangu, akasema: “Kila jambo na mahali pake.” Je, msomaji, wewe waonaje?