Kipanya Kinachokaa Vyema Mkononi: Neno kwa Makarani wa Tarime na Serengeti

Katika nyanda za juu za Tarime, na kwenye tambarare zinazoizunguka Mugumu, mkono wa mtu umezoea kazi nzito: kulima, kukamua ng'ombe alfajiri, kuchuma kahawa. Ndiyo maana karani anayesema mkono wake unakufa ganzi kwa kusogeza kitu kisichozidi sana uzito wa mayai mawili huonekana mdekaji. Lakini jembe hubadilisha mwendo wa mkono kila linapoinuliwa na kushushwa. Kipanya cha kompyuta huushika mkono katika mkao mmoja kwa saa nyingi, huku kidole cha shahada kikirudia kitendo kilekile dogo mara maelfu.

Kifaa chenyewe kina umri wa kutosha. Cha kwanza kilibuniwa na Douglas Engelbart na kutengenezwa na Bill English huko California mwaka 1964. Kilikuwa kisanduku cha mbao chenye kitufe kimoja. Leo kinashikwa na karani wa mapokezi anayeingiza taarifa za wagonjwa katika mfumo wa GoT-HoMIS, na mhasibu wa mgodi wa dhahabu huko Nyamongo, na wakala wa forodha mpakani Sirari, na kijana wa steshenari anayewajazia wanafunzi maombi ya mikopo kuanzia asubuhi hadi giza linapoingia. Huyu wa mwisho ndiye mwenye hali ngumu zaidi, kwa kuwa hulipwa kwa idadi ya kazi alizomaliza, na hakuna anayemkumbusha kupumzika.

Upande wa kiganja wa kifundo cha mkono kuna njia nyembamba, iliyozungukwa na mifupa chini na utepe mgumu juu. Ndani yake hupita kano 9 zinazokunja vidole pamoja na mshipa mmoja wa fahamu, ule unaohudumia gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Kifundo kinapokunjwa kuelekea juu au kupindwa kuelekea upande wa kidole kidogo, shinikizo ndani ya njia hiyo hupanda. Vidole vinapobana kwa nguvu, hupanda zaidi. Haifai, hata hivyo, kukitwisha kipanya kila lawama: ushahidi unaokihusisha na maumivu ya kigasha na kifundo una nguvu kuliko ule unaokihusisha na kubanwa kwa mshipa huo. Ujauzito, kisukari na baridi yabisi navyo huchangia kuubana.

Basi mnunuzi atazame nini? Kwanza ukubwa. Vipanya vingi vya bei ndogo vimetengenezwa viwe vidogo ili viingie katika mkoba wa kompyuta mpakato, navyo humlazimu mwenye kiganja kikubwa kukunja vidole mithili ya kucha za mwewe. Kinachofaa huujaza mkono: kiganja hukiegemea, vidole hulala juu ya vitufe bila kujikunja, gumba na kidole kidogo havilazimiki kukibana ili kisiponyoke. Mnunuzi amwombe muuza duka afungue boksi, kisha akisogeze juu ya kaunta kwa dakika mbili tatu na kubofya mara nyingi. Muuzaji akikataa, duka la jirani lipo. Anayetumia mkono wa kushoto atafute chenye pande mbili zinazofanana, kwani vitufe hugeuzwa katika mipangilio ya kompyuta bila gharama yoyote.

Kipo pia kipanya cha wima, kinachoshikwa kama mkono unaotolewa kumpa mtu salamu. Hupunguza msokoto wa kigasha, na wapo wanaopata nafuu kubwa. Lakini siku za mwanzo humchelewesha mtumiaji, na asitarajie kwamba kitaondoa ganzi iliyokwisha kuota mizizi.

Kabla ya kutoa fedha, inafaa kutazama meza. Katika ofisi nyingi kipanya kimesukumwa mbali na kibodi pana, kitabu cha risiti na mashine ya kuchapia, hata mkono hunyooshwa kukifuata na bega kubaki limeinuka siku nzima. Kikisogezwa karibu, kiwiko kikakaa ubavuni na kifundo kikanyooka bila kuegemea ncha ya meza, kipanya kilekile cha zamani huweza kuvumilika. Asiyetumia tarakimu za upande wa kulia anaweza kununua kibodi fupi isiyo nazo. Huenda ikamfaa kuliko kipanya kipya. Na kwa walioajiriwa, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 humpa mwajiri wajibu wa kulinda afya yao kazini, kwa hiyo kumwomba meza inayofaa si utovu wa adabu.

Ganzi inayomwamsha mtu usiku mpaka aukung'ute mkono, vikombe vinavyomponyoka, au msuli wa chini ya gumba unaoanza kunywea, hayo hayangoji kipanya kipya. Ikiwahiwa, hali hiyo mara nyingi hutulizwa kwa kifaa cha kunyoosha kifundo kinachovaliwa wakati wa kulala. Ikicheleweshwa, mshipa huweza kuhitaji kufunguliwa nafasi kwa upasuaji, na nguvu ya gumba isirudi yote. Mgonjwa amweleze daktari kazi zote za mikono yake, ikiwemo kukamua na kulima, hata kama maumivu yalianzia ofisini.