Kiranja Si Askari wa Mwalimu

Atakaye kujua jinsi nchi hii itakavyoongozwa miaka 30 ijayo asihangaike kuhudhuria mikutano ya siasa. Na aende shuleni, atazame viranja wanavyopatikana na wanavyoishi na wenzao. Huko ndiko Mkenya anakoonja mamlaka kwa mara ya kwanza, na mwonjo huo hausahauliki upesi.

Kwa miaka mingi kiranja aliteuliwa na walimu. Katika shule nyingi za bweni alipewa tai ya rangi yake, chumba cha kulala mbali na wenzake, na ruhusa ya kupakuliwa chakula bila kupanga foleni. Naye alitakiwa kuandika majina ya wapiga kelele. Hebu tujiulize, kijana wa miaka 16 hujifunza nini hapo? Hujifunza kwamba kuongoza ni kutangulia kula, kwamba hesabu hutolewa kwa aliye juu tu, na kwamba walio chini ni watu wa kuchungwa.

Mnamo Mei 1999, viranja wanne wa Shule ya Upili ya Nyeri walichomwa moto usiku na wanafunzi wenzao, wakafa. Hakuna kinyongo kinachoweza kuhalalisha unyama kama huo, wala sitamtafutia mtendaji udhuru. Hata hivyo, watoto wanapowachukia watoto wenzao kiasi hicho, mwenye busara huuchunguza pia utaratibu uliowatenganisha.

Hatua ilipigwa mwaka wa 2009, lilipoundwa baraza la kitaifa la wanafunzi wa shule za upili, na shule nyingi zikaanza kuwaachia wanafunzi wajichagulie viongozi. Nauunga mkono mwendo huo. Lakini kura peke yake haijengi tabia. Iwapo mshindi atarithi tai ile ile, chumba kile kile na sahani ile ile ya kwanza, tutakuwa tumebadilisha mlango tu, nyumba ni ile ile. Tena kijana atakuwa na sababu ya kuinunua kura kwa mkate, maana kuna cha kufidia gharama yake.

Rai yangu ni kwamba kijana apewe kazi yenye hesabu, si cheo chenye marupurupu. Kiranja wa bwalo na asimame mwisho wa foleni, ili githeri ikipungua sufuriani, awe yeye wa kwanza kulala njaa. Mtu wa namna hiyo atahakikisha kwamba upakuaji ni wa haki kuliko yule aliyekwisha kushiba. Kiranja wa michezo na asimame mbele ya wanafunzi kila muhula, aeleze mipira mingapi ilinunuliwa, mingapi imepotea na kwa nini, kisha aulizwe maswali. Atakayeshindwa aondolewe na hao hao waliomchagua. Zamu nazo zizunguke, ili hata mtoto mnyamavu abebe mzigo siku moja na kujua uzito wake. Mwalimu awe karibu, lakini asikimbilie kuokota kila kinachoanguka.

Haya si mageni. Kifungu cha 73 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinasema kwamba mamlaka ya afisa wa serikali ni amana, na kwamba anachokabidhiwa ni wajibu wa kuwatumikia wananchi, wala si uwezo wa kuwatawala. Kabla ya Katiba hiyo, wahenga walikwisha kusema kwamba mkubwa ni jalala: kila taka hutupwa kwake, naye hustahimili.

Tunalalamika kila uchaguzi kwamba viongozi wetu hutanguliza matumbo yao. Yatupasa tukumbuke kwamba wengi wao walipitia mabweni yetu, na pengine somo hilo walilifundishwa huko. Samaki hukunjwa angali mbichi. Wazazi na walimu, tuanze na ile foleni ya bwaloni.